Viazi Visivyotiwa Dawa: Uchambuzi wa Sumu Iliyotoka Bustanini

Niliitwa kutafuta dawa ya wadudu. Familia ya watu watano ilikuwa imekula viazi mviringo vya bustani yake yenyewe, wanne kati yao wakaugua ndani ya siku moja, na kwa kuwa mimi ni mtu wa bustani na si daktari, swali walilonipa lilikuwa la bustani: je, kuna kitu kilichopulizwa ng'ambo ya ua kikatufikia? Nilishika udongo, nikatazama mashina yaliyokauka, nikauliza habari za mbolea. Sikupata dawa yoyote. Dawa ilikuwa ndani ya viazi, na vilikuwa vimeitengeneza vyenyewe.

Majina nayaacha. Nitawaita baba, mama, bibi, kaka mwenye miaka 11 na mdogo wake wa kike mwenye miaka 5. Yaliyotokea usiku ule niliyasikia siku ya tatu, kwa kila mmoja peke yake, kisha nikawasikia wote pamoja. Nashauri mtu yeyote anayefuatilia kisa cha chakula afanye hivyo, kwa sababu mezani kila mtu huona sahani yake tu.

Usiku wenyewe

Yalikuwa mavuno ya kwanza ya bustani yao, na mlo ulikuwa wa kuyasherehekea. Viazi vikubwa vilimenywa. Vidogo vilichemshwa na maganda yake, kwa kuwa kumenya kiazi chenye ukubwa wa jicho la ng'ombe ni kazi ya kuchosha na kwa kuwa kila mtu amesikia kwamba virutubisho viko kwenye ganda. Vyote vikapondwa pamoja kwa maziwa na siagi. Maji yaliyochemshia hayakumwagwa, yaliingia kwenye mchuzi wa nyama. Maganda ya vile vikubwa yalioshwa, yakafutwa kwa kitambaa, na baba akayakaanga kwa mafuta mengi hadi yakawa makavu, akanyunyiza chumvi. Kaka alisimama kando ya jiko akiyala yakiwa moto. Hakuna kilichotupwa. Baba alilisema hilo kwa fahari hata siku ya tatu, kabla hajajua tunaelekea wapi.

Walikaa mezani saa moja jioni. Mdogo alionja kijiko akasema, "Mama, vinachoma." Mama alidhani ni moto, akampulizia. Mtoto akagusa koo, akarudia. Akaongezewa maziwa, akaambiwa amalizie. Kaka alisema viazi ni vichungu kidogo, akajibiwa ni ganda limeungua. Bibi alikula nyama yake, akala vijiko viwili vya viazi, akasema ameshiba. Mama alikula sahani ya kawaida, na baba alikula ya mtu aliyelima.

Saa sita usiku kaka aliamka akatapika. Hadi alfajiri alikuwa ametapika mara saba, kichwa kinamuuma, na alipokwenda msalani alishika ukuta. Saa saba mdogo naye akaanza, kwanza maumivu ya tumbo, kisha kutapika, kisha kuhara, na baada ya hapo usingizi mzito uliomtisha mama yake kuliko matapishi. Kulipopambazuka mama mwenyewe alikuwa anahara. Baba na bibi walikuwa wazima kabisa.

Mama aliwapeleka watoto hospitalini. Baba alibaki nyumbani, na akiwa ameshaamua kwamba mkosaji ni nyama, alipasha viazi vilivyobaki jana yake, vingi, hadi vikatoa mvuke, akavila vyote kama kifungua kinywa. Saa saba mchana na yeye alikuwa chini.

Watoto hawakuwa na homa ya kutajika. Walipewa maji yenye chumvi na sukari ya kurudisha kilichopotea, wakawekwa chini ya uangalizi, wakaruhusiwa kesho yake jioni. Sumu niliyokuja kuishuku haina dawa ya kuitengua. Kinachofanywa ni kumsaidia mgonjwa asikaukiwe na maji na kuangalia pumzi, moyo na fahamu zake mpaka mwili uitoe. Kwa hiyo, hata kama jina la ugonjwa lingejulikana usiku uleule, matibabu ya watoto hawa yasingetofautiana sana.

Kuwaondoa watuhumiwa mmoja mmoja

Nyama iliondoka kwanza. Bibi alikula nyama na mchuzi kama wengine, hakuugua. Baba aliila jioni, hakuugua usiku. Asubuhi hakugusa nyama, akaugua. Maziwa yaliondoka kwa njia hiyohiyo, kwani bibi aliyanywa kwenye chai kutoka chombo kilekile. Vikabaki viazi.

Hapo mtu makini ataniuliza juu ya bakteria. Viazi vilivyopondwa na maziwa, vikilala usiku kucha mezani, ni makao mazuri ya bakteria, na baadhi yao huacha sumu ambayo kupasha hakuiondoi. Kuugua kwa baba peke yake, basi, hakuthibitishi kitu. Lakini watoto walikula viazi vikitoka jikoni, na lile koo kuchoma lilikuja na kijiko cha kwanza. Bakteria hawana haraka hiyo, na kwa kawaida hawana ladha hiyo. Mtoto wa miaka 5 alikuwa ametoa ushahidi ulio bora kuliko wote saa tano kabla ya mtu yeyote kutapika.

Dawa ya wadudu nayo niliipima kwa haki, kwa sababu ndiyo niliyoitiwa. Zile za jamii ya oganofosfeti hushambulia kimeng'enya cha kolinesterasi ambacho mishipa ya fahamu hukihitaji, na mgonjwa hutokwa na mate, machozi na jasho jingi, mboni za macho zikisinyaa. Hakuna aliyeyaona hayo. Na kuna kejeli hapa: sumu ya kiazi nayo hukizuia kimeng'enya hichohicho, mbali na kuharibu utando wa seli za utumbo. Mmea umejibunia silaha inayopiga palepale ambapo kiwanda kilikuja kupiga baadaye. Familia hii ilijivunia kwamba haikunyunyizia chochote, na ni kweli haikunyunyizia. Neno "asilia" lilikuwa limewatuliza kupita kiasi.

Kapu la dirishani

Niliomba kuona viazi vilivyobaki. Vilikuwa kwenye kapu la waya juu ya meza, chini ya dirisha la jikoni, vimeoshwa vikang'aa. Vilikaa pale majuma matatu tangu kuvunwa, vikipata mwanga wa mchana kutwa na taa jioni. Mama aliviweka pale kwa sababu vilipendeza, na sioni sababu ya kumlaumu. Nani asingependa kuyatazama mavuno yake ya kwanza?

Nilikwaruza ganda kwa kucha, kimoja baada ya kingine. Vikubwa viwili vya juu vilikuwa na kijani kibichi cha wazi begani. Vidogo vingi vilikuwa na rangi ya majani machanga chini ya ngozi, rangi ambayo huioni mpaka ukwaruze. Karibu vyote vilikuwa vimeanza kuchipua, na kwenye baadhi machipukizi yalikuwa yamekatwa kwa kidole, makovu yakabaki. Mama alieleza kwamba siku ile aliyaondoa machipukizi yote na kumenya kijani chote alichokiona. Alikuwa amesikia kuhusu kijani. Hilo ndilo lililonifanya niandike kisa hiki, maana hii si hadithi ya watu wasiojua kitu. Walijua nusu.

Nusu wasiyoijua ni hii. Kijani chenyewe hakimdhuru mtu. Ni klorofili, ileile iliyomo kwenye mboga za majani. Sumu ni jambo la pili linaloendelea kimyakimya wakati uleule: glikoalkaloidi, hasa solanini na chakonini, ambazo hazina rangi. Mwanga huviamsha vyote viwili, lakini kila kimoja hufuata njia yake. Kiazi kinaweza kuwa kijani na kisiwe na sumu nyingi; kinaweza pia kuwa na sumu nyingi bila kijani, kwa mfano kikikatwa na jembe, kikigongwa, au kikichipua gizani. Anayemenya kijani pekee anafuta moshi akidhani amezima moto.

Kwenye kiazi cha kawaida kizima, glikoalkaloidi huwa kati ya miligramu 20 na 100 kwa kila kilo, na mwaka 1992 kamati ya wataalamu ya FAO na WHO, mashirika ya chakula na afya ya Umoja wa Mataifa, ilisema kiasi hicho si cha kutia wasiwasi. Kwa miaka mingi miligramu 200 kwa kilo ndiyo iliyokuwa kikomo kilichotumiwa sana. Tangu mwaka 2022 Umoja wa Ulaya unashauri isizidi 100. Lakini wastani huo unaficha jinsi sumu ilivyogawanyika. Nyama ya ndani, baada ya kumenya, hubeba kama 12 hadi 50. Ngozi ya juu hubeba 300 hadi 600. Machipukizi hubeba 2000 hadi 4000, na maua ya mmea hata zaidi. Kiazi kikishakuwa kichungu, chote kizima hufika 250 hadi 800, na maganda yake 1500 hadi 2200.

Sasa rudi jikoni kwao. Viazi vidogo vina ganda jingi kwa uzito wao, na vikiwa vichanga huwa na glikoalkaloidi nyingi kuliko vilivyokomaa. Ndivyo vilivyopikwa bila kumenywa. Machipukizi yaliondolewa, lakini jicho la kiazi lenyewe, ambalo lilitakiwa kuchimbwa kwa ncha ya kisu, likabaki. Maji ya kuchemshia, ambayo yangeondoka na kiasi kidogo cha sumu, yalirudishwa kwenye mchuzi. Na maganda yakawa chipsi. Kama ungeniambia nibuni njia ya kukusanya sumu ya kiazi kwenye sahani moja bila kuonekana nina nia mbaya, ningeandika mapishi haya.

Kuponda nako kulichangia, kwa namna ambayo sikuifikiria mpaka nilipokaa na kapu lile. Kiazi kichungu kikiliwa kizima hujitangaza: unakitema, unachukua kingine. Kikipondwa na vingine kumi pamoja na siagi na chumvi, uchungu wake husambaa mpaka ukawa kitu cha kubishania. Ulimi huanza kuuhisi uchungu kwenye miligramu kama 140 kwa kilo. Ukipita 200 na ushee, uchungu hugeuka kuwa kuchoma mdomoni na kooni. Mdogo hakusema "vichungu". Alisema "vinachoma".

Kosa lililofanyika miezi miwili kabla

Dirisha lilimalizia kazi ambayo bustani iliianza. Baba alinionyesha kitalu: mistari mitatu, matuta mafupi, mashina yaliyolala. Aliinua udongo mara moja tu, mimea ilipofika goti, na hakurudia. Baadaye mvua kubwa zilikuja zikashusha matuta. Nilimuuliza kama aliona viazi vikichungulia kabla ya kuvuna. Alicheka: ndiyo, na alifurahi, maana ndivyo alivyojua vimezaa.

Kiazi si mzizi. Ni shina lililovimba chini ya ardhi, na shina likiona jua hufanya kazi ya shina: hujipaka kijani na kujilinda lisiliwe. Ndiyo maana mkulima wa viazi hupandishia udongo kwenye mashina mara mbili au tatu, mpaka tuta linafunika vizuri, na hurudi kila baada ya mvua kubwa kutazama nyufa. Majani makavu mengi juu ya tuta hufanya kazi hiyohiyo. Ni saa moja ya jembe. Kisu cha jikoni hakiwezi kuifidia.

Aliyapita pia mambo mengine, ambayo kwa kisa hiki nayaona madogo. Alipanda viazi vya kula vilivyochipua kabatini, hajui ni vya aina gani, na aina hutofautiana. Nchini Marekani aina iitwayo Lenape, iliyotolewa mwaka 1967 na kusifiwa kwa chipsi zake nzuri, iliondolewa mwaka 1970 baada ya kugundulika kwamba ilibeba karibu miligramu 300 kwa kilo hata ikilimwa vizuri. Alivuna kwa jembe, vichache vikakatwa, na jeraha nalo hukiamsha kiazi. Akaviosha vyote, jambo linaloleta kuoza zaidi ya sumu. Samadi aliyotumia ilikuwa ya zamani, na ukuta ulio karibu haukuwa na rangi ya zamani ya kubabuka yenye madini ya risasi. Niliuliza kwa sababu niliitwa kuuliza, nikasonga mbele.

Hesabu ya sahani

Kwa nini mtoto na si baba, aliyekula zaidi? Hili ndilo familia ililolishangaa kuliko yote, na ndilo linalowafanya watu wengi waviondolee viazi hatia: "mbona wengine walikula?"

Hakuna maabara iliyopima viazi vile. Kwa hiyo nitaweka dhana moja wazi: mchanganyiko ule uliopondwa ulikuwa na miligramu 250 kwa kilo, mwanzo kabisa wa ngazi ya viazi vichungu, kiasi kinacholingana na koo kuchoma. Ukubwa wa sahani nimeukadiria kwa maelezo yao. Mwaka 2020 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilitaja miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kuwa kiasi cha chini ambacho madhara yameonekana kwa binadamu. Dalili nzito hutajwa kati ya 2 na 5, na kuanzia 3 hivi maisha yenyewe huwa hatarini.

Mdogo ana kilo 18. Gramu 200 za viazi zilimpa miligramu 50, yaani 2.8 kwa kila kilo ya mwili wake. Kaka ana kilo 34, akala kiasi hichohicho, na juu yake chipsi zilizotokana na gramu 40 hivi za maganda mabichi. Kwa miligramu 1500 kwa kilo, maganda hayo peke yake yanampa 60 zaidi. Jumla ni 110, yaani 3.2 kwa kila kilo yake. Mama ana kilo 62, na gramu zake 250 zinamweka kwenye 1.0. Baba ana kilo 80, akala gramu 300: 0.9. Bibi, vijiko viwili, kama gramu 50 kwa kilo 55: 0.2.

Panga namba hizo, kisha panga wagonjwa kwa uzito wa dalili: kaka, mdogo, mama; baba na bibi wazima. Zinafuatana. Sitaki kuzitegemea kupita kiasi, kwa kuwa dhana ni yangu na ningeweza kuichagua nyingine. Lakini ukiongeza dhana au kuipunguza, na kiasi cha maganda kikiifuata, namba zote hupanda au kushuka huku mpangilio ukibaki uleule, na mpangilio ndio unaoeleza kisa.

Kisha asubuhi ya baba. Sumu hizi hazitoki upesi. Huchukua zaidi ya saa kumi kupungua kwa nusu damuni. Saa kumi na mbili baada ya mlo wa jioni alikuwa bado na kitu kama 0.5, akaongeza gramu 350, yaani 1.1 nyingine. Mtu aliyekuwa chini kidogo ya mstari alijivusha mwenyewe, akiamini moto umemsafishia njia. Kuchemsha hakuiharibu solanini. Kuoka hakuiharibu. Mafuta ya kukaangia ya nyumbani, kwenye nyuzi 170 au 180 za Selsiasi, hupunguza kidogo tu, na kwa kuwa maji ya ganda yanakauka, kila gramu ya chipsi hubeba sumu nyingi kuliko ganda bichi.

Wapo watakaosema kumenya kungetosha. Kwa kiazi kizuri, kumenya huondoa sehemu kubwa sana. Kwa kiazi kibaya, kisa maarufu cha shule moja ya wavulana jijini London mwaka 1969 kinajibu: 78 waliugua baada ya chakula cha mchana, dalili zikianza kati ya saa 7 na 19 baada ya kula, na 17 walilazwa. Viazi vilikuwa vimebaki tangu muhula uliotangulia, vikasubiri likizo nzima, vikamenywa na kuchemshwa kama kawaida. Wote walipona. Na Ujerumani, mwaka 2015, familia moja iliugua kwa mlo wa viazi, na tukio hilo liliifanya taasisi ya nchi hiyo ya tathmini ya hatari kupendekeza kikomo kishuke hadi 100. Visa vya namna hii ni vichache vikilinganishwa na sahani za viazi zinazoliwa kila siku duniani. Nashuku, hata hivyo, kwamba vidogo vingi huzikwa chini ya jina la "tumbo limechafuka", kama hiki kingezikwa kama baba asingekula mabaki.

Kilichofanywa na vilivyobaki

Familia ilitaka kuvitupa vyote. Nilipendekeza vingine. Kijani na machipukizi ni kasoro za chakula tu. Kwa mbegu ni sifa. Viazi vizima visivyo na dalili za ugonjwa tuliviacha palepale dirishani, safari hii kwa makusudi, mpaka wakati wa kupanda. Niliwaonya wasiwape wanyama vile vibaya wala maganda yake. Vitunda vya kijani vinavyofanana na nyanya ndogo, vinavyotokea maua yakishaanguka, niliomba vikatwe mapema, maana mtoto wa miaka 5 ana mikono na vitunda vile ni sumu.

Kwa mavuno yajayo mpango haukuwa mrefu. Udongo upandishwe mara tatu na baada ya kila mvua kubwa. Kinachochungulia kikivunwa kiende kwenye sanduku la mbegu palepale shambani, kabla hakijachanganyika na vingine. Vya kula visioshwe. Vikaushwe gizani siku kumi hadi kumi na nne mahali pasipo na baridi kali ili ngozi na majeraha vifunge, kisha viingie kwenye mfuko wa karatasi au gunia, gizani, penye hewa, nyuzi 7 hadi 10 zikipatikana. Mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani haufai. Baridi ikishuka sana, wanga hugeuka sukari, na viazi hivyo vikikaangwa huungua upesi na kutengeneza zaidi akrilamidi, kemikali isiyotakiwa kwenye chakula, lakini hilo ni jambo lingine.

Mama alikuwa na wazo lake: kwa kuwa viazi vinaharibiwa na mwanga na kuchipua, atavichemsha na kuvifungia kwenye chupa za kioo, azipange kabatini. Nilimkatiza haraka kuliko adabu inavyoruhusu. Kiazi hakina asidi ya kutosha, kinatoka kwenye udongo, na udongo hubeba spora, yaani mbegu sugu, za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Maji yanayochemka, nyuzi 100, hayaziui. Ndani ya chupa isiyo na hewa zinaamka na kutoa sumu inayopoozesha misuli mpaka ile ya kupumulia. Mwezi Aprili 2015, katika mji wa Lancaster, jimbo la Ohio, watu 29 waliugua baada ya chakula cha pamoja kanisani na mmoja akafa. Chanzo kilikuwa saladi ya viazi vilivyohifadhiwa nyumbani kwenye chupa bila sufuria ya presha inayostahili kazi hiyo. Tatizo alilokuwa nalo mama lingeisha kwa usiku mbaya. Hilo alilotaka kulibadilishia ni la mashine ya kupumulia.

Lilibaki jambo moja ambalo sikulipata siku ile ya tatu. Bibi nilikuwa nimemwandika kama mtu mzima mwenye hamu ndogo ya chakula, na hesabu yangu ilitosheka na vijiko vyake viwili. Niliporudi baada ya juma moja kusaidia kukata vitunda, tulikaa naye kivulini nikamuuliza, kwa kupitisha muda tu, kama alihisi chochote mdomoni usiku ule.

"Vilikuwa vichungu tangu cha kwanza," alisema. "Nilikula cha pili ili asinione."

"Na hukusema, bibi?"

"Mwanangu, yalikuwa mavuno yake ya kwanza. Ningesemaje?"